Mwezini utaenda kupika nini?

(1)

Leo siongelei uji wa lishe wala kitovu cha kichanga. Kaa vizuri, mweke mtoto titini, usome taratibu. Ni ndefu, nimeigawa vipande.

Wiki iliyopita siku ya kliniki benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja alikuja kumpima uzito mwanawe wa miezi minane, na kwa kuwa shule zimefunga alikuja pia na binti yake mkubwa, darasa la tatu. Nikiwa naandika kadi nikamtania yule binti: wewe ukikua unataka kuwa nani? Nilitegemea aseme nesi, si unajua watoto wakituona na sare. Akanijibu bila kupepesa, "Sista, mimi nataka kwenda mwezini."

Benchi zima likaangua kicheko. Mama yake akasema, "Mwezini utaenda kupika nini?" Kicheko kikaongezeka. Na mimi nilicheka. Nilicheka huku nimeshika kadi ya mdogo wake. Mtoto akainamisha kichwa, akaanza kuchezea mkanda wa ndala.

Usiku ule umeme ulikatika. Mnaokaa Itigi mnajua, umeme ukikatika huku kwetu nyota zinashuka hadi unahisi zimekaa juu ya vichaka. Nilikaa nje kwenye kigoda nikajiuliza maswali mawili. Yule mtoto mwezi ameutoa wapi? Na sisi kile kicheko tumekitoa wapi?

Mawazo yangu, na unaruhusiwa kunipinga kwa adabu: vyote viwili vinatoka kwenye yale tunayosikilizishwa na kuonyeshwa nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa hao waliofika mwezini kweli.

(2)

Watu wengi wanadhani roketi ilianza, ndoto ikafuata. Hapana. Marekani ndoto ilianza kwenye magazeti na televisheni. Mwaka 1952 jarida moja lililosomwa sana kule, Collier's, lilianza kutoa mfululizo wa makala zenye michoro ya rangi: vyombo vya angani, kituo cha duara kinachozunguka dunia, watu wanaoshuka mwezini. Hakuna hata kimoja kilichokuwepo. Mwandishi mkuu alikuwa Wernher von Braun, Mjerumani ambaye miaka michache nyuma alikuwa akimtengenezea Hitler makombora, kazi iliyofanywa na wafungwa waliokufa kwa maelfu. Hayo jarida halikuyaweka mbele. Mwaka 1955 Walt Disney, huyuhuyu wa katuni za watoto wako, akamweka bwana huyo kwenye televisheni aeleze roketi kwa familia zilizokaa sebuleni. Watoto wa wakati ule ndio waliokuja kuwa mainjinia.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 27 Juni 1957 Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo Warusi wakarusha Sputnik, tufe la chuma lenye kilo kama 84, likazunguka dunia likilia bip, bip, bip. Kwa hiyo Mswahili mwenye redio alipata sikio jipya, na baada ya miezi mitatu na ushee anga likaanza kulia.

Huku bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar waliipata 1973, tena ya rangi, bara tukasubiri mpaka 1994. Elewa maana yake: Julai 1969, watu walipotua mwezini, sehemu ya dunia iliyobahatika iliona picha. Sisi tulisikia. Chombo kilitua saa 5:17 usiku wa tarehe 20 kwa saa zetu, na Neil Armstrong akakanyaga udongo wa mwezi saa 11:56 alfajiri ya tarehe 21. Majogoo ya Itigi yalikuwa yanawika.

Babu yangu alikuwa kibarua wa reli hapa stesheni. Mama ananisimulia kwamba aliamka gizani akakaa na redio ya jirani, kwa sababu yake haikuwa na betri. Asubuhi akatangaza habari kijiweni. Nusu wakamwita mwongo. Bibi hakumwita mwongo, bibi alikasirika. Alisema mwezi si uwanja wa kukanyagwa na viatu, na mvua za mwaka ule zikisumbua wasimuulize yeye. Mpaka anafariki, mvua ikichelewa alikuwa anaangalia juu na kusonya.

Na si bibi yangu tu aliyeunganisha mwezi na matatizo ya nyumbani. Mwaka huohuo 1969 ugonjwa wa macho mekundu ulilipuka Ghana, na kwa kuwa redio zilikuwa zinaimba Apollo 11 kutwa, watu wakauita ugonjwa wa Apollo. Jina likasambaa Afrika Magharibi. Ni virusi tu jamani, vinasafiri kwa mikono na mataulo, havikuletwa na roketi. Nikiwa hapohapo, maana nisiposema nitakuwa nimeacha kazi yangu: macho mekundu hayatibiwi kwa maziwa ya mama, wala majani ya chai, wala mkojo. Nawa mikono, kila mtu na taulo yake, njoo kituoni. Na kichanga aliyezaliwa juzi akitoa usaha machoni usingoje kesho, njoo leoleo, anaweza kupoteza kuona.

Haya, tuendelee.

(3)

Kipande hiki ndicho kilichonifanya niandike.

Unajua kwamba mapigo ya moyo ya mtu aliyekuwa angani yaliwahi kusomwa Unguja? Mimi nilisoma uuguzi miaka yote ile, sikuwahi kuambiwa.

Wamarekani walipoanza mradi wao wa kwanza wa kurusha watu, uitwao Mercury, walikuwa na shida moja: chombo kinazunguka dunia, na wao wanataka kuongea na mtu wao kila anakopita. Ikabidi wajenge vituo vya kusikiliza dunia nzima. Afrika wakaweka Kano kule Nigeria, na kingine Tunguu, Unguja. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, mara tatu, kwa muda usiofika saa tano. Alipopita juu yetu, daktari aliyekuwa kwenye kituo cha Zanzibar alikuwa anasoma moyo wake, pumzi yake, presha yake, vyote vikishuka kwa mawimbi ya redio. Glenn alivuta kamba ya mpira kama mazoezi kwa sekunde 30, mapigo yakapanda kutoka 80 hadi 124, na baada ya dakika chache yakarudi chini. Mimi hilo nikilisoma moyo unanidunda. Ni kazi yangu ile! Ni kile ninachokufanyia wewe mama mjamzito ninapokufunga mpira wa presha mkononi, tofauti ni kwamba mgonjwa alikuwa juu ya mawingu.

Watu wa Zanzibar wenyewe walikionaje kituo kile? Wengi kwa wasiwasi, na sikuwalaumu nilipofikiri. Redio zilikuwa zinavutana. Cairo inakuambia hivi kwa Kiswahili, London vile, Moscow nayo kwake. Magazeti ya vyama yanasema Wamarekani wanajenga kambi ya makombora, watatuletea vita vya wenyewe kwa wenyewe wakubwa hao. Kukawa na maandamano na hotuba. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ikataka kituo kiondoke, na Aprili mwaka huohuo kikafungwa. Mitambo ikapakiwa, wakaondoka.

Angalia basi. Ardhi yetu ilikuwa ndani ya hadithi ile, lakini hadithi haikusimuliwa kwetu kama yetu. Magazeti ya kwao yalimwonyesha Glenn akipita barabarani anamwagiwa karatasi. Ya kwetu yalionyesha hofu. Sijasikia mtu aliyemchukua mtoto wa shule wa Tunguu akamwambia: njoo uone, hapa ndipo moyo wa mtu aliye angani unaposikika. Mtoto yule angeota nini? Sisi sote leo tungekuwa tunacheka nini?

(4)

Turudi kwenye "utaenda kupika nini", kwa sababu hilo swali nalo lina historia.

Mwaka 1959 jarida la Life lilinunua kwa dola 500,000 haki ya kuandika maisha ya wanaanga saba wa kwanza wa Marekani, pamoja na wake zao. Wake wakapigwa picha nywele zimetengenezwa, nyumba inang'aa, watoto wametulia. Kazi yao kwenye hadithi ile ilikuwa moja, kusubiri mume na kutabasamu. Nani aliyeandika kwamba walikuwa hawalali usiku? Jarida halikulipia hilo.

Wakati huohuo mwanamke rubani, Jerrie Cobb, alipitishwa kwenye vipimo vya kitabibu vilevile walivyopimwa wanaume, akafaulu. Wakafuata wenzake, wakafika kumi na tatu pamoja naye. Suala likafika bungeni kwao Julai 1962. Na aliyekwenda kueleza kwamba wanawake kutokuwamo ndivyo jamii ilivyopangwa alikuwa nani? John Glenn. Huyohuyo ambaye miezi mitano nyuma moyo wake ulikuwa unasomwa Zanzibar. Mzee huyo namheshimu, lakini pale alitukosea.

Mwaka mmoja baadaye, 16 Juni 1963, Warusi wakamrusha Valentina Tereshkova, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Redio zikavuma. Halafu sikiliza linalowahusu nyinyi: akaolewa na mwanaanga mwenzake, na tarehe 8 Juni 1964 akajifungua binti, Elena. Mtoto wa kwanza duniani ambaye baba na mama wote wamefika angani. Madaktari walimfuatilia kwa hamu kubwa kuona kama yuko sawa. Alikuwa sawa. Mama wa angani alibeba mimba, akajifungua, kama wewe. Lakini ilipita miaka 19 kabla mwanamke wa pili hajarushwa. Redio zilipopata kishindo chao zikahamia habari nyingine.

(5)

Hapa jirani, Zambia, 1964, mwaka wa uhuru wao. Mwalimu mmoja wa sayansi, Edward Makuka Nkoloso, alitangaza kwamba Zambia nayo itakwenda mwezini na Mars. Akakusanya vijana nje kidogo ya Lusaka, anawaingiza kwenye pipa la mafuta na kuwabingirisha mlimani wazoee kizunguzungu. Akaomba UNESCO pauni milioni 7. Waandishi wa nje wakaja na kamera zao, wakapiga picha, wakacheka. Mpaka leo ukitafuta utaikuta ile video, na chini yake watu wanaendelea kucheka.

Mimi katika hadithi ile namwangalia mmoja tu, msichana wa miaka kama 17, Matha Mwamba. Yeye ndiye aliyechaguliwa kurushwa, pamoja na paka. Mpango ulipovunjika, Nkoloso mwenyewe alisema binti alipata mimba na wazazi wakaja kumchukua.

Basi. Sentensi moja. Kamera zikazimwa. Jamani, mimi ni nesi, binti wa miaka 17 mwenye mimba namwona kila mwezi na kadi yake mpya. Dunia nzima ilikuwa na muda wa kulicheka pipa, haikuwa na dakika ya kuuliza Matha alijifungua wapi, kwa nani, na kama alipona.

Kuhusu Nkoloso, mwandishi wa Zambia Namwali Serpell alikuja kumchunguza vizuri na kutuonyesha kwamba mzee yule alikuwa mpigania uhuru aliyefungwa na kuteswa na wakoloni, na kwamba huenda kwenye ule mradi yeye ndiye aliyekuwa anawacheka wakubwa na mashindano yao. Inawezekana. Lakini binti hakuwa mzaha.

(6)

Nisikuache na uchungu, maana kuna upande unaonifurahisha hadi natabasamu peke yangu zamu ya usiku.

Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo uitwao Star Trek, hadithi ya chombo kinachosafiri kati ya nyota. Ndani yake kulikuwa na mwanamke mweusi, ofisa wa mawasiliano, si mpishi wala mtumishi. Jina lake Uhura. Umelisikia vizuri? Limetoka kwenye neno letu, uhuru, wakalipindisha mwisho. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba alitaka kuacha kazi ile, na aliyemzuia ni Martin Luther King, akimwambia watoto weusi wanamtazama. Baadaye, 1977, shirika la anga la Marekani likamtumia yeye kuita wanawake na weusi waombe kazi ya uanaanga. Na mtoto mmoja aliyekuwa anamtazama kwenye televisheni, Mae Jemison, akakua, akawa daktari, akaja kufanya kazi Liberia na Sierra Leone, na mwaka 1992 akarushwa. Mwanamke wa kwanza mweusi angani, daktari, aliyeanza kwa kuangalia picha sebuleni kwao.

Na neno letu lilikwenda angani kabla yake. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Aliyelitoa jina ni mwanamke, Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, mama mwenye watoto. Kazi ya setilaiti ile ilikuwa kuangalia anga kwa eksirei, ya kwanza ya aina yake. Ilipata vyanzo 339. Sisi eksirei tunapigia kifua cha mwenye TB, wao wakapiga anga, kwa jina la Kiswahili, kutoka maji ya Malindi. Nani alikufundisha hilo shuleni? Mimi hakuna.

(7)

Najua inboksi itajaa. "Sista, gari la wagonjwa likiharibika tunabeba mjamzito kwa bodaboda, wewe unatuongelea mwezi." Ni kweli. Kuna usemi unaohusishwa na Mwalimu Nyerere, kwamba wenzetu wanajaribu kufika mwezini, sisi bado tunajaribu kufika kijijini. Mimi ndiye ninayekwenda huko kijijini, na kiboksi cha chanjo mapajani juu ya pikipiki, masika tope linafika magotini. Kwa hiyo nauheshimu usemi huo kuliko wengi. Ila aliyesema hivyo alikuwa anapanga bajeti ya nchi. Hakuwa anamjibu mtoto wa darasa la tatu. Bajeti ina mwisho, hamu ya mtoto haimgharimu mtu hata shilingi. Kenya wamerusha setilaiti yao Taifa-1 Aprili 2023, Uganda ya kwao ilitangulia Novemba 2022. Waliozitengeneza walikuwa watoto wa mtu, na wapo waliochekwa kwenye mabenchi.

Kinachonisumbua zaidi ni simu. Zamani redio ilikuwa moja, mtaa mzima unasikiliza na mtu mzima yupo pembeni anabishana nayo, kama bibi yangu alivyobishana na mwezi. Sasa mtoto anapewa simu ili anyamaze, anashushiwa video moja baada ya nyingine, hakuna wa kumbishia wala wa kumfafanulia. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto chini ya miaka miwili asikae kwenye skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Najua wengi mnavunja hilo. Nyumbani kwangu tulishalivunja, sijifanyi malaika. Lakini kwa hawa wakubwa kidogo, ukimpa simu kaa naye. Akiona roketi mwambie Tunguu. Akiona katuni ya mwezi mtoke nje muutazame wenyewe, Itigi tumejaliwa giza zuri.

Na ukimsikia anasema jambo linalokuchekesha, meza kicheko kwanza umuulize ameliona wapi.

Mdogo wa yule binti anatimiza miezi tisa mwezi ujao, ataletwa kwa chanjo ya surua. Nimeshaandika pembeni ya daftari langu. Nitamwomba mama yake aje na dada mtu tena. Nitampa kipima mapigo changu aweke masikioni asikilize moyo wake, kisha nitamruhusu arukeruke pale nje chini ya mwarobaini kwa sekunde 30, asikilize tena, ahesabu mwenyewe. Halafu nitamweleza habari za Unguja. Na nitamwomba msamaha, mbele ya benchi lilelile.

Mama yake kama unasoma hapa, tarehe iko kwenye kadi. Usisahau na chandarua.